Mkahawa wa Kifilipino wa Deira, na Jibu Tulilolikosea



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twapenda wiki hii turudi kwenye swali tulilolijibu katika ukurasa huu mwaka juzi. Mama mmoja msomaji wetu wa Kisauni alituandikia kuhusu binti yake anayefanya kazi Dubai. Alisema binti amezoea kula chakula cha jioni katika mkahawa wa familia ya Kifilipino, na kwamba yeye mama hapati usingizi kwa kuwaza kinachoingia tumboni mwa mwanawe. Tulimjibu kwa mistari minne. Tulisema Wafilipino ni watu wa nguruwe, vyungu vyao havikosi najisi, na binti aache mara moja. Hatukuuliza mkahawa uko mtaa gani, mpishi ni nani, nyama yatoka wapi, wala binti ana njia gani nyingine ya kupata chakula. Mistari ile minne ndiyo iliyotulazimu kuandika haya ya leo.

Mwezi uliopita tulijaliwa kwenda Dubai, sisi na mama watoto, kuhudhuria arusi ya mtoto wa ndugu yetu. Yule mama wa Kisauni alipopata habari ya safari yetu alitupa amana ya kumpelekea binti yake: kopo la achari ya maembe, visheti, na mfuko mdogo wa bizari. Binti alikuja kutupokea amana yake baada ya Magharibi, karibu na kituo cha treni cha Al Rigga, mtaa wa Deira. Ni msichana mpole, amejisitiri vizuri, anafanya kazi ya usafi hotelini. Tulipomuuliza anaendeleaje na chakula, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sheikh, jibu lako nililisoma. Mama alinitumia picha ya ukurasa. Nilikutii siku ileile. Lakini hukuniuliza kitu."

Tulimwomba atueleze. Akaeleza kwamba wakati ule kampuni iliyomwajiri ilikuwa imechelewesha mshahara kwa miezi miwili. Yeye hulala katika chumba cha watu sita ambamo kila mmoja hulipia kitanda chake tu, na mwenye nyumba aliwakataza kupika. Mama mwenye mkahawa alikuwa akimlisha kwa daftari, wali na kitoweo kila usiku, na deni lilikuwa limefika dirham 340. Jibu letu lilipomfikia, aliacha kwenda. Hakuwa na fedha za kulipa, na haya ilimzuia kueleza sababu. Akawa anapita upande wa pili wa barabara ili asionekane. Kwa wiki tano chakula chake kilikuwa chai na mkate. Mshahara ulipotoka, alilipa deni lote kwa mkono wa rafiki yake. Mama yule alizipokea fedha, akamuuliza rafiki swali moja tu: "Je, chakula changu kilimuudhi?"

Hatukuwa na la kusema. Mama watoto ndiye aliyevunja ukimya. Alimwambia binti, "Mwanangu, tupeleke huko. Usiku huu huu."

Mkahawa wenyewe si mkubwa. Una meza saba, viti vya plastiki, na runinga ukutani inayoonyesha mchezo wa mpira wa kikapu, mchezo ambao Wafilipino wanaupenda kama vijana wetu wanavyopenda kandanda. Mbele kuna kabati la kioo, na ndani yake trei za vitoweo vilivyopikwa tayari. Mahali pa namna hii Wafilipino wanapaita turo-turo, maana yake "onyesha-onyesha," kwa sababu mteja huonyesha kwa kidole anachotaka, naye huwekewa juu ya wali. Mume hukaa kwenye fedha, mke jikoni, dada wa mke hupakua, na kijana wao wa miaka kama kumi hufuta meza akishamaliza kazi za shule. Wateja ni wauguzi, wauza maduka, madereva na wasafishaji, wengi wao Wafilipino, na wachache Wahindi na Waafrika. Kila aingiaye humwita mpishi Ate, yaani dada mkubwa, na mumewe Kuya, yaani kaka mkubwa. Hakuna anayewaita kwa majina matupu.

Tulipoketi, yule kijana mdogo alikuja, akauchukua mkono wetu wa kulia, akauinamia na kuugusisha kwenye paji la uso wake. Tulishtuka, kwani ni kama watoto wetu wa chuoni wanavyoubusu mkono wa mwalimu. Binti alitufahamisha kwamba hiyo ni heshima yao kwa kila mzee aingiaye nyumbani, nayo huitwa mano. Mama wa mkahawa hakutupa mkono. Aliweka kiganja kifuani na kuinamisha kichwa, kwa kuwa amekaa miaka mingi na Waislamu na anajua adabu zetu. Kisha akamwona binti wa Kisauni nyuma yetu. Alitoka nyuma ya kabati, akamkumbatia, akamwambia neno ambalo Mfilipino alaye humwambia yeyote apitaye: "Kain tayo." Maana yake ni "njoo tule." Wasomaji wetu wa pwani mnajua kwamba nasi hatuwezi kutia tonge kinywani mbele ya mtu bila ya kusema "karibu."

Hapo tuliuliza yale tuliyopaswa kuyauliza mwaka juzi. Tuliuliza kwa upole, binti akiwa mkalimani wetu kwa Kiingereza. Je, hapa mnapika nguruwe? Akasema hapana, hawana ruhusa, na wala hawakuomba. Tukajua baadaye kwamba katika mji wa Dubai mkahawa hauwezi kuuza nguruwe wala pombe ila kwa kibali maalumu, na kwamba nyama ya ng'ombe, mbuzi na kuku inayoingizwa nchini hutakiwa iwe na cheti cha halali. Je, kuku mwanunua wapi? Akamwita mumewe, naye akaleta faili la stakabadhi za muuza nyama, zenye muhuri na tarehe. Je, sufuria hizi zimewahi kupikiwa kitu kingine? Akatuomba mama watoto aingie jikoni aone mwenyewe. Mama watoto aliingia, akakaa humo karibu nusu saa, na alipotoka alikuwa na harufu ya kitunguu thaumu na uso wa mtu aliyepata shoga.

Sasa tuwaeleze chakula chenyewe, kwa sababu akina mama wengi mnaosoma hapa mna watoto wanaokula kwa Wafilipino, na ni vyema mjue wanakula nini.

Jambo la kwanza ni kwamba hawa ni watu wa wali, kama sisi. Binti alituambia kwamba katika lugha yao mpunga una jina lake, palay; mchele una jina lake, bigas; na wali una jina lake, kanin. Waingereza wana neno moja kwa vyote vitatu. Kile kiliwacho pamoja na wali nacho kina jina lake, ulam, na hilo ndilo hasa neno letu kitoweo. Mtu aliyelelewa kwa lugha yenye maneno haya hahitaji kufundishwa kwa nini mtoto aliyekula mkate mchana kutwa husema hajala.

Jambo la pili ni nazi. Tui wanaliita gata. Nazi huikuna kwa kibao chenye chuma, ndugu wa mbuzi yetu, na hulitenga tui zito la kwanza na tui jepesi la pili, moja la kumalizia na jingine la kuchemshia, kama afanyavyo mpishi yeyote wa Lamu. Usiku ule kulikuwa na boga na kunde changa za tui lenye kamba ndani yake. Mama watoto alionja mara moja tu, akasema, "Huyu angepikia arusi kwetu."

Jambo la tatu ni samaki. Tuliletewa samaki aliyepasuliwa mgongoni, akalazwa katika siki, kitunguu thaumu na pilipili manga, kisha akakaangwa hadi akakauka. Tulipomwona tulimtambua: ni mwatiko, yule yule ambaye vikundi vya akina mama na vijana humfuga katika mabwawa ya Kilifi na Kwale. Wafilipino humwita bangus, na wamemfuga kwa mamia ya miaka. Sisi huku tunamlalamikia kwa wingi wa miiba. Wao wana ufundi wa kuing'oa miiba mmoja mmoja kwa kibano kabla ya kumpika. Huliwa asubuhi pamoja na yai na wali wa jana uliokaangwa kwa kitunguu thaumu. Kiporo, kwa neno letu.

Jambo la nne ni ukali. Wafilipino wanapenda ukwaju, ndimu zao ndogo ziitwazo kalamansi, na siki. Mchuzi wao uitwao sinigang ni wa ukwaju, hupikwa kwa kamba au samaki na mboga za majani, nao humtoa mtu jasho na uchovu pamoja. Kuku wa adobo hupikwa kwa siki, mchuzi wa soya, kitunguu thaumu na majani makavu yenye harufu nzuri. Hudumu siku mbili bila ya kuharibika, na kwa ajili hiyo wafanyakazi hukipenda chakula hiki kwa kubebea kazini. Siki yao nyingi hutokana na miwa au utomvu wa mnazi, ule ule ambao kwetu hugemwa ukawa tembo. Msomaji asiingiwe na wasiwasi hapa. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kilevi kikigeuka siki chenyewe bila ya kutiwa kitu ndani yake huwa tohara, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliisifu siki kuwa ni kitoweo chema.

Kuna pia mchuzi wa njugu wenye mkia wa ng'ombe, uitwao kare-kare, ambao huliwa na uduvi uliosagwa na kutiwa chumvi. Kuna tambi zao, pancit, ambazo hupikwa siku ya kuzaliwa mtu kwa kutakia umri mrefu. Na mwisho kuna kinywaji cha barafu iliyoparuzwa pamoja na maharagwe matamu, viazi vya zambarau na maziwa, kiitwacho halo-halo, yaani "changanya-changanya." Kijana mdogo alikileta bila ya kuagizwa, akasimama akitutazama hadi tulipokionja.

Lakini tusiwafanye wasomaji wadhani kwamba kila mkahawa wa Kifilipino ni kama huu. Siku ya pili jamaa mmoja alitupeleka kwingine, mtaa wa mbali kidogo, pakubwa na penye taa nyingi. Tulipofungua orodha ya vyakula tuliona sehemu iliyoandikwa wazi kwamba vyakula vyake ni vya wasio Waislamu. Tulishukuru, tukaomba radhi, tukaondoka bila ya kumlaumu mtu. Wao walikuwa wamesema kweli, nasi tulikuwa na macho ya kusoma. Na nje ya nchi za Ghuba, kwa mfano katika miji ya Marekani, Kanada au Uingereza, au Manila kwenyewe, mambo ni magumu zaidi, kwani huko nguruwe ndiye nyama ya kawaida katika mikahawa hii. Basi kwa mwenye mtoto aliye safarini, tunaweka hapa maneno machache ya kumtumia.

Baboy ni nguruwe. Dugo ni damu. Alak ni pombe. Baka ni ng'ombe, manok ni kuku, kambing ni mbuzi, isda ni samaki, hipon ni kamba. Dinuguan ni mchuzi wa damu, nao haufai hata kama mnyama ni halali, kwa kuwa damu yenyewe ni haramu. Lechon ni nguruwe mzima wa kuchoma, lakini lechon manok ni kuku wa kuchoma, kwa hivyo neno moja halitoshi kuhukumu. Sisig asili yake ni kichwa cha nguruwe, ingawa katika Ghuba huipika kwa kuku au ng'ombe. Longganisa na tosino kwa kawaida ni nguruwe. Chicharon ni ngozi ya nguruwe iliyokaangwa. Balut ni yai la bata lenye kifaranga ndani, na hilo tuliache. Lumpia, ambazo ni binamu wa sambusa zilizokunjwa mfano wa kidole, huweza kuwa za nguruwe, kuku au mboga.

Na hapa pana hatari ambayo wengi hawaijui: mboga si dalili ya usalama. Wafilipino wengi wakipika pojo, majani ya majimbi ya nazi, au mchanganyiko wa bilinganya na bamia, hutia vipande vidogo vya nguruwe kwa ajili ya ladha tu, wala hawahesabu chakula hicho kuwa ni cha nyama. Kwa hivyo binti asiulize, "Hiki ni cha mboga?" Aulize, "Ndani yake mna baboy? Mafuta yake ni ya nini? Sufuria hii hupikiwa nini?" Aulize kwa tabasamu, na kabla ya kuonyesha kidole. Palipo na samaki na mafuta masafi, samaki ndiye njia nyepesi zaidi, kwa sababu hahitaji kuchinjwa.

Ama chakula cha Mkristo kwa ujumla wake, wanavyuoni wamelieleza jambo hili tangu zamani kwa kuitazama aya ya tano ya Suratul Maida, nasi hatutarefusha. Tutataja jambo moja tu. Sahaba Abu Tha'laba al-Khushani, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alikuwa akiishi jirani na Ahlul Kitabi. Alikwenda kwa Mtume akamuuliza kuhusu kula katika vyombo vyao. Alielekezwa kwamba akipata vyombo vingine atumie hivyo, na asipopata avioshe kisha ale. Tumeisomesha hadithi hiyo kwa miaka zaidi ya ishirini, na ni Deira tulikotambua kwamba katika jambo hili hatukuifuata. Mwenye shida aliuliza, na aliyeulizwa alimpa njia ya kuishi na majirani zake. Sisi tuliulizwa na mwenye shida, tukamfungia mlango.

Tena tulisema "Wafilipino ni watu wa nguruwe," kana kwamba hakuna Mfilipino anayeswali. Hili nalo lilikuwa kosa. Uislamu uliingia katika visiwa vya Sulu, kusini mwa Ufilipino, kabla Mzungu hajaiona nchi ile. Manila yenyewe, Wahispania walipoiteka mwaka 1571, ilikuwa na mtawala Muislamu, Raja Sulayman. Magellan, Mreno aliyeuawa katika kisiwa cha Mactan mwaka 1521, alikuwa hapo nyuma baharia katika msafara wa Almeida wa mwaka 1505, msafara ulioipora Kilwa na kuichoma Mombasa yetu. Maji yaliyotufikisha msiba huo ndiyo yaliyowafikisha wao wa kwao. Hadi leo wako Watausug, Wamaranao na Wamaguindanao, Waislamu kwa vizazi na vizazi, wenye vyakula vyao: mchuzi mweusi wa ng'ombe na nazi iliyochomwa, kuku wa manjano na nazi, wali na kuku uliofungwa katika jani la mgomba. Mtaa wa Quiapo, katikati ya Manila, una Msikiti wa Dhahabu uliojengwa mwaka 1976, na pembezoni mwake kuna wapishi wa halali. Hata katika lugha ya Wakristo wao mna maneno tunayoyafahamu. Hakimu ni hukom. Ahsante ni salamat.

Turudi mezani. Baada ya kula, tulimwomba binti amwambie mama yule kwamba mwandishi wa ile karatasi iliyomwondoa mteja wake ni sisi. Binti alisita. Tulimsisitiza. Alipomaliza kueleza, mama alitutazama kwa muda, akapangusa mikono kwa aproni, akasema, "Mbona hakuuliza? Ningemwonyesha." Hakusema zaidi. Tulimwomba radhi, akatikisa kichwa kana kwamba jambo limekwisha. Kisha akatusimulia, akiwa amesimama vivyo hivyo na mwiko mkononi, kwamba alikuja Dubai kuwa yaya, akaacha binti wa miaka mitatu kwa mama yake. Miaka tisa alimlea mtoto wa watu huku wake akimwita bibi "mama." Alipopata nafuu wakafungua mkahawa. Akasema, "Kila msichana anayekuja hapa peke yake usiku, namwekea wali zaidi. Sijui nani anamwekea wangu."

Akina mama wasomaji, ni wangapi kati yenu mna mabinti Riyadh, Doha, Muscat, Dubai? Ni wangapi humwomba Mwenyezi Mungu katika sijda awape watoto wenu mtu mwema huko waliko? Huenda dua ile ilishajibiwa. Huenda mtu huyo ana msalaba shingoni na daftari la madeni chini ya kabati la kioo.

Hatusemi kwamba kila kitu ni sawa. Halali ni halali na haramu ni haramu, na binti asiyeweza kupata jibu la wazi kuhusu chungu na akiache chungu hicho, ale matunda, mayai na mkate, Mwenyezi Mungu atamlipa. Twasema tu kwamba swali hutangulia hukumu. Mzazi aliye mbali amwulize mwanawe kwanza: wala wapi, kwa nani, mshahara umetoka, una jiko? Na mwenye kuulizwa fatwa aulize mara mbili kabla ya kujibu mara moja, hasa pale jibu lake litakapomfikia mtu ambaye hana meza nyingine ya kukimbilia.

Kwa hiyo tunatangaza hapa, mahali pale pale tulipokosea: jibu letu la mwaka juzi kwa mama wa Kisauni tumelifuta. Binti yake ana ruhusa ya kula katika mkahawa ule maadamu hali yake ni kama tulivyoiona kwa macho yetu. Wengine waliolisoma jibu lile wakalifanyia kazi, tunawaomba watusamehe, na kama kuna aliyemvunja moyo jirani kwa sababu yetu, akamtengenezee.

Usiku ule tulipotaka kulipa, Kuya alikataa. Tulishikilia, akakubali bei ya watu watatu ilhali tulikuwa wanne. Chakula cha binti hakukihesabu. Binti naye alifungua ule mfuko wa bizari ya mama yake, akagawa nusu, akampa Ate. Mama watoto alimweleza, kwa ishara zaidi kuliko maneno, jinsi ya kuitia katika mchuzi wa samaki wa tui. Wiki iliyopita binti alitutumia picha: trei moja kati ya zile za kioo ina mchuzi wa manjano, na juu yake pamebandikwa kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono, "Mombasa." Anasema unakwisha kabla ya Isha.

Maswali yenu tuleteeni kama kawaida, na safari hii tuandikieni kwa urefu. Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walio ugenini, na awalipe kheri wote wanaowalisha.

Wabillahi tawfiq.